Salamu Pungufu katika Nchi ya Fumbatia

Asubuhi moja katika mwezi wa kupandikiza, jua lilipokuwa limekwisha panda juu ya vilima, miche ya mpunga ya Bi Tamka ilisimama kitaluni kwa urefu wa goti, na jaruba lililopaswa kuipokea lilikuwa kavu, limepasuka kama kisigino cha msafiri. Mambo hayo mawili yalionekana na kila aliyepita. Jambo la tatu, yaani sababu ya ukavu huo, halikuonekana kwa kuwa kila mtu alikuwa amelizoea. Na ili lieleweke hapana budi kuijua kwanza nchi yenyewe na desturi zake.

Nchi hiyo iliitwa Fumbatia. Mashariki ilipakana na Majivuno, magharibi na Usahaulifu, na katikati yake ulipita mto Stahiki, ambao haukupata kukauka tangu nchi iumbwe. Sheria ya kwanza ya Fumbatia ilisema kwamba maji ya Stahiki ni mali ya wakazi wote, hayauzwi wala hayanunuliwi, na kila shamba litayapata kwa zamu. Lakini kabla ya kufika mashambani, maji hayo yalipita katika banio, yaani lango la mbao nene linaloinuliwa na kushushwa kwa gurudumu, na banio hilo liliitwa Hisani. Hivyo maji yaliingia upande mmoja yakiwa haki na kutoka upande wa pili yakiwa fadhila, na hapakuwa na mhandisi aliyeweza kueleza badiliko hilo lilitokea katika ubao gani.

Watu wa Fumbatia walisifika kwa adabu. Hawakugombana sokoni, hawakupaza sauti barazani, wala hawakumtaja mtumishi wa serikali kwa jina pasipo kutanguliza cheo chake. Katika adabu zao zote, iliyotukuzwa kuliko nyingine ni salamu. Raia mwenye haja alimwendea mtumishi akiwa amefumba kiganja cha kulia, akampa mkono, mtumishi akaupokea, akautikisa kwa upole, kisha akautia mkono wake mfukoni kana kwamba anatafuta leso, na hapo ndipo haja iliposikilizwa. Hiyo iliitwa salamu kamili. Mwuguzi alisalimiwa hivyo kabla ya kufunga jeraha, karani kabla ya kugonga muhuri, askari kabla ya kukubali kwamba taa ya mkokoteni inawaka. Aliyetoa mkono mtupu alisemekana ametoa salamu pungufu, na haja yake iliahirishwa mpaka ajifunze adabu. Kile kilichohama kutoka kiganja hiki hadi kile hakikuwa na jina. Neno rushwa lilikuwamo katika sheria, katika fungu linaloikataza, na watu walilisoma kwa utulivu wakidhani linahusu nchi jirani.

Mwangalizi wa banio la Hisani alikuwa Bwana Kawia, mtu mrefu, msafi, mwenye kanzu nyeupe isiyojua doa. Hakuwa mkali wala hakutukana. Alichokuwa nacho ni kesho, na aliigawa bila uchoyo.

Bi Tamka alikuwa mkulima wa makamo, mjane, mwenye jaruba la kwanza katika mfereji wa kusini. Msimu huo alikwisha kutoa salamu kamili mara moja, naye Bwana Kawia akaupima mkono kwa kuutikisa, akasema, "Mama, mkono wako mwaka huu mwepesi. Njoo kesho." Alikwenda kesho hiyo, na nyingine iliyofuata. Wakati huo miche ilikuwa ikirefuka. Mche wa mpunga ukipitiliza umri kitaluni hauchipui vizuri hata ukipandikizwa katika tope zuri kuliko lote. Na sheria ya pili ya Fumbatia ilisema kwamba shamba lisilovunwa msimu mmoja hurudi serikalini. Kwa hiyo kilichokuwa hatarini hakikuwa chakula cha mwaka mmoja tu. Kilikuwa ni shamba lenyewe, nalo ndilo pekee alilokuwa nalo.

Asubuhi hiyo alikuwa amechota maji kisimani kwa mtungi ili kitalu kisife, akakoroga udongo kwa mikono yake miwili kuzunguka mizizi ya miche. Aliponyoosha mgongo alitazama bonde kutoka juu, kama alivyolitazama maisha yake yote, na safari hii aliona jambo. Majaruba yaliteremka ngazi kwa ngazi. Jaruba la pili lilikuwa chini ya la kwanza, na la tatu chini ya la pili, na maji hayakuwa na njia ya kulifikia la chini pasipo kulijaza kwanza la juu. Basi Bwana Kawia hakuwa na uwezo wa kumtanguliza mtu yeyote, hata angepewa nini. Uwezo wake ulikuwa mmoja tu, wa kutofungua. Bi Tamka alijiuliza ni kitu gani walichokuwa wakikinunua miaka yote hiyo, na jibu alilolipata halikumpendeza.

Alikwenda banioni vile vile alivyokuwa, tope likiwa limempanda hadi viwikoni. Hakukusudia lolote kwa tope hilo. Alikuwa na haraka tu.

Watu kadhaa walikuwa wamepanga foleni. Bwana Kawia alimwona, akanyoosha mkono kwa mazoea, kisha akautazama mkono uliokuwa ukimjia, akautazama na ukosi wa kanzu yake, akarudi nyuma nusu hatua.

"Sabalkheri, Bwana Mwangalizi," alisema Bi Tamka.

"Sabalkheri, mama. Ndiyo nini hii?"

"Ni tope. Nauliza, zamu yangu ni lini?"

Katika foleni nzima hakuna aliyepata kusikia swali hilo likiulizwa kwa sauti. Mmoja alikohoa kwa niaba ya wengine.

"Kanawe kwanza," alisema Bwana Kawia.

"Nikanawe wapi, Bwana Mwangalizi? Maji umeyafunga wewe."

Foleni ilicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichojutiwa mara moja, lakini kilisikika. Na Bwana Kawia, ambaye katika miaka yote ya utumishi wake hakuwahi kuchekwa, alishusha mkono na kusema kwa upole wake ule ule kwamba zamu ya mfereji wa kusini ni kesho, kwa sharti kwamba waje na mikono inayosalimika.

Jaruba lililofuata lile la Bi Tamka, kwa upande wa chini, lilikuwa la Mzee Haidhuru. Huyu alikuwa mtu mwema, mpenda amani, aliyekubaliana na kila aliyezungumza naye mwisho. Jioni ile, kabla ya magharibi, alikuja hadi uani kwa Bi Tamka, akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akaanza mbali.

"Jirani, nasikia ulimchekesha Bwana Mwangalizi."

"Hakucheka yeye, mzee. Walicheka wengine."

"Ndilo tatizo lenyewe. Sasa sikiliza, mwanangu. Mimi nimekwisha msalimu. Salamu kamili, nzito. Lakini maji yangu hayaji mpaka yapite kwako. Ukikaa kavu, nami nakaa kavu, na walio chini yangu hivyo hivyo. Nitatoa mimi kwa ajili yako. Wewe hutajua, mimi sitasema. Haidhuru kitu."

"Mwaka jana ulimsalimu?"

"Nilimsalimu."

"Ukapata maji baada ya nani?"

"Baada yako. Si jaruba langu liko chini ya lako?"

"Na mwaka juzi?"

"Baada yako pia."

"Na kama hungetoa?"

Mzee Haidhuru alifikiri. "Ningepata baada yako," alisema, "lakini kwa kuchelewa."

"Kwa kuchelewa kwa nani? Maji huchelewa yenyewe?"

"Tamka, mwanangu, unanizungusha. Mimi sina elimu ya kushindana nawe. Nina miche."

"Nami ninayo. Ndiyo iliyonifungua macho."

Juu ya ua ulichomoza uso wa Shangazi Kebehi, bibi mwenye zizi la mbuzi upande wa pili, ambaye hakujisumbua kuficha kwamba alikuwa amesikiliza tangu mwanzo.

"Haidhuru," aliita, "ukimtolea huyu, utanitolea na mimi? Jaruba langu liko chini ya lako. Au hisani yako inaishia kwenye tuta?"

"Shangazi, hapa tunazungumza mambo ya maana."

"Na mimi ninaulizia mambo ya maana. Tamka, kesho unakwenda na tope tena?"

Bi Tamka alijibu kwamba akienda peke yake ataitwa mwenye kiburi, na mwenye kiburi mmoja ni rahisi kumwahirisha. Wakienda wengi, wakauliza swali moja, kwa sauti moja, mchana, mbele ya watu, itabidi lijibiwe. Hakutaka watukane wala wapige kelele. Alitaka tu kwamba usiwepo mkono wa kushika.

"Mimi kitalu changu kimekauka, tope sina," alisema Shangazi Kebehi. "Lakini nina zizi. Bwana Mwangalizi atanisamehe harufu."

Mzee Haidhuru aliinuka kwenye kinu, akajipangusa kanzu, akasema haidhuru, kila mtu na njia yake, akaenda zake.

Kesho yake walifika banioni watu tisa wa mfereji wa kusini, kila mmoja akiwa na mikono iliyolowa tope au samadi hadi viwikoni. Walisimama mstari mmoja, wakamwamkia Bwana Kawia kwa heshima zote za mdomo, wakauliza pamoja: "Zamu ya nani?" Bwana Kawia alijibu kwamba banio lina hitilafu. Wakauliza, hitilafu gani? Akasema inachunguzwa. Wakaketi chini kusubiri uchunguzi wake, na Shangazi Kebehi akachagua kuketi upande ule upepo ulikotokea.

Kabla ya adhuhuri Bwana Kawia alilishusha banio kabisa, akaenda mjini Takalufu, makao ya serikali, akamshitaki Bi Tamka kwa kosa la kumvunjia heshima mtumishi kwa salamu pungufu na kuwafundisha wengine. Adhabu yake ilikuwa kunyimwa zamu kwa msimu mzima. Kila mtu bondeni alijua maana ya adhabu hiyo: pasipo maji hapana mavuno, na pasipo mavuno hapana shamba. Siku ya shauri ilipowadia, ncha za miche ya Bi Tamka zilikuwa zimeanza kugeuka manjano.

Baraza la shauri lilijaa hadi madirishani. Hakimu aliitwa Pambanua. Alikuwa amehamishiwa bondeni msimu huo huo, na sifa yake, ambayo makarani waliitaja kwa masikitiko, ni kwamba huuliza neno moja mpaka maana yake iishe. Mashitaka yaliendeshwa na Bwana Sitiri, msemaji fasaha aliyeweza kuzungumza tangu asubuhi hadi alasiri pasipo kutaja kitu.

"Mheshimiwa Hakimu," alianza Bwana Sitiri, "mshitakiwa huyu alimwendea mtumishi wa serikali kwa salamu pungufu."

"Pungufu ya nini?" aliuliza hakimu.

"Ya heshima, Mheshimiwa."

"Alisemaje alipofika?"

"Alisema, 'Sabalkheri, Bwana Mwangalizi.'"

"Aliitikiwa?"

"Aliitikiwa, Mheshimiwa."

"Basi heshima ilitoka na ilifika. Upungufu uko wapi?"

"Uko katika mkono. Ulikuwa na tope."

"Tope ni ziada, Bwana Sitiri. Mimi nauliza upungufu. Mkono huo ulikosa nini ambacho kwa haki ungekuwa nacho?"

Bwana Sitiri alirekebisha joho lake. "Mheshimiwa, katika nchi yetu yako mambo ambayo hujulikana kuliko yanavyosemwa."

"Huenda. Lakini siwezi kumnyang'anya mtu shamba kwa jambo ambalo mshitaki wake hawezi kulisema. Litaje, nami nitalipima."

Watu waliegemea mbele. Bwana Sitiri alimtazama Bwana Kawia, Bwana Kawia akatazama dari. Mwishowe msemaji alipata njia iliyoonekana njema: hakuwa na haja ya kutaja, angeonyesha. Alimwita shahidi wake, raia mtulivu, mwenye adabu isiyo na shaka, ambaye angelionyesha baraza salamu kamili ilivyo, ili hakimu aone mwenyewe tofauti. Shahidi huyo alikuwa Mzee Haidhuru.

Bi Tamka alimwona akipita katikati ya watu, na hakumchukia. Alijua ameahidiwa maji. Naye pia alikuwa akiisikia miche yake ikikauka hata alipokuwa ameketi pale. Alichokiona, kwa kuwa alikuwa karibu, ni kwamba kiganja cha kulia cha mzee kilikuwa kimefumbwa. Mzee Haidhuru hakuwahi katika maisha yake kuingia ofisi ya serikali kwa namna nyingine. Alikuwa amejiandaa kwa ajili ya karani wa mlangoni, lakini msongamano ulikuwa mkubwa, karani alisukumwa pembeni, na mkono ukaingia barazani ukiwa bado umefumbwa.

"Mzee," alisema hakimu, "tuonyeshe unavyomsalimu Bwana Mwangalizi. Usipunguze wala usiongeze."

Mzee Haidhuru alimwendea Bwana Kawia, akainama kidogo, akampa mkono. Bwana Kawia aliupokea, akautikisa kwa upole, akatabasamu, akautia mkono wake mfukoni.

Barazani hakuna aliyeshangaa. Watu hawakuwa wameona jambo lolote geni. Mzee Haidhuru na Bwana Kawia wenyewe walisimama wakingoja kusifiwa. Wa kwanza kuling'amua ni Shangazi Kebehi, aliyeanza kucheka taratibu, kisha akashindwa kujizuia.

"Bwana Kawia," alisema hakimu, "mkono wako uko wapi?"

"Uko... uko mfukoni, Mheshimiwa."

"Umekwenda kufanya nini huko?"

Bwana Kawia aliutazama mkono wake kama mtu anayeonyeshwa mkono wa mwenzake. Alikuwa amesalimiwa, naye alikuwa ameitikia; hakuna hatua hata moja aliyoifikiria.

"Utoe," alisema hakimu, "na ulichonacho kiweke juu ya meza."

Sarafu iliwekwa mezani. Hakimu Pambanua hakuigusa. Alimgeukia shahidi.

"Mzee, umempa nini Bwana Mwangalizi?"

"Nimempa salamu, Mheshimiwa."

"Na hiki?"

Mzee Haidhuru alifungua mdomo kutoa neno lake la siku zote, akalimeza. Alimtazama Bi Tamka, kisha akawatazama wale waliokuja na mikono ya tope, ambao yeye hakufuatana nao.

"Hiyo ni sarafu yangu, Mheshimiwa," alisema. "Mimi hutoa kila msimu. Baba yangu alitoa. Niliulizwa majuzi ninanunua nini, na mpaka leo sijapata jibu."

"Bi Tamka," alisema hakimu, "wewe unalo jibu?"

Bi Tamka alisimama. Alizungumza kwa sauti ya kawaida. "Jaruba la jirani yangu liko chini ya langu, Mheshimiwa, na la Shangazi Kebehi liko chini ya lake. Hata mzee akitoa dhahabu, maji hayawezi kumfikia kabla ya kunipita mimi. Bwana Mwangalizi hawezi kumwahisha mtu. Anaweza kumchelewesha tu. Kwa hiyo yeye huchelewesha, sisi hutoa, naye huacha kuchelewesha. Tumekuwa tukimlipa ili aache kufanya jambo ambalo hakutakiwa kulianza. Nami nimo. Msimu huu huu nilitoa mara moja, na miaka yote ya nyuma nilitoa."

"Bwana Kawia, yapo maneno hapo ya kukanusha?"

Bwana Kawia alisema angejibu kesho. Baraza zima liliangua kicheko, na mara hii hakuna aliyejutia.

Hakimu alingoja kicheko kiishe, akaeleza kwamba sheria ya Fumbatia humshika mpokeaji na mtoaji pia, ila aliyelazimishwa akasema kweli mbele ya hakimu hupunguziwa. Akauliza kama yumo barazani ambaye hajapata kutoa. Mkono haukuinuka, hata wa karani wa mlangoni.

"Mimi niliwahi kutoa yai," alisema Shangazi Kebehi. "Yai viza, Mheshimiwa. Alipoutikisa mkono, alijua mwenyewe."

"Hata hivyo ulitoa," alisema hakimu, na aliyekuwa karibu naye alimwona akiuma mdomo ili asicheke.

Hukumu ilisomwa kabla ya adhuhuri. Bi Tamka hakuwa na hatia ya salamu pungufu, kwa kuwa mshitaki alishindwa kuutaja upungufu wake, na kilichoonyeshwa mahali pake kilikuwa ni kosa. Kwa kutoa kwake kwa zamani, yeye na wakulima wengine wote walihukumiwa kuchimbua mchanga katika mfereji wa kusini kwa siku moja. Bwana Kawia aliondolewa katika kazi yake, akaamriwa kuchimbua mfereji huo msimu mzima, pamoja na aliowachelewesha. Naye Bwana Sitiri aliomba iandikwe kwamba hakutaja neno lolote, ikaandikwa.

Kisha hakimu alitoa amri tatu kwa banio la Hisani. Zamu itatangazwa kila asubuhi kwa sauti, kwa majina, kuanzia jaruba la juu. Mwangalizi ataamkiana na watu kwa mdomo, mikono yake yote miwili ikiwa juu ya gurudumu, nalo gurudumu linahitaji miwili. Na mwenye haja yoyote, katika ofisi yoyote, ana ruhusa ya kufuatana na wenzake, wawe mashahidi wa analoulizwa na analojibiwa.

Banio liliinuliwa mchana ule ule. Jina la kwanza lililotangazwa lilikuwa la Bi Tamka. Maji yalikuja polepole, yakisukuma mbele yake majani makavu na povu, yakaingia katika nyufa za jaruba na kutoa sauti kama ya mtu anayekunywa kwa pupa. Bi Tamka aliikagua miche yake mmoja mmoja. Theluthi moja ilikuwa imekwisha kuharibika. Aliing'oa akaitupa upande wa pili wa ua, kwa mbuzi wa Shangazi Kebehi. Iliyobaki ilitosha kulijaza jaruba, ikipandwa kwa kuachiana nafasi kidogo.

Kabla ya jua kutua alilikata tuta kwa jembe, maji yakashuka katika jaruba la Mzee Haidhuru, ambaye alikuwa amesimama juu ya tuta hilo hilo tangu alasiri. Mzee aliyatazama yakienea kwenye udongo wake, akafuta uso kwa kiganja.

"Jirani," alisema, "nikupe nini?"

"Nipe njia, mzee," alisema Bi Tamka. "Nina miche mikononi."

Mzee Haidhuru alishuka kwenye tuta, akaingia tope hadi magotini, na Bi Tamka akapita.